Mabwawa ya Třeboň: Miaka Mia Tano ya Kuyatawala Maji

Kusini mwa Jamhuri ya Cheki, si mbali na mpaka wa Austria, upo mji mdogo wa soko uitwao Třeboň. Wakazi wake ni kama 8,000 tu. Sauti ya pili ya jina lake ni ngumu kwa msemaji wa Kiswahili, kwani ni r na zh zitamkwazo pamoja kwa pigo moja la ulimi. Hata watoto wa Kicheki wenyewe huijua baada ya kuzimudu sauti nyingine zote. Katikati ya mji pana uwanja mrefu wa soko uliozungukwa na nyumba za kale zenye baraza za matao. Mtu akitoka uwanjani, akapita lango la kale la mji na kiwanda cha bia, baada ya hatua chache hukutana na tuta kubwa la udongo lililoota mialoni minene. Akilipanda, huona upande wa pili maji yaliyotanda hadi upeo wa macho, nayo yako juu kuliko njia aliyotoka kuipita. Hilo ni bwawa la Svět, jina lenye maana ya "Ulimwengu", nalo lina eneo la hekta zipatazo 200.

Mgeni hudhani ameona ziwa la asili. Sivyo. Bwawa hilo, pamoja na mengine zaidi ya 400 yaliyotapakaa katika bonde la Třeboň, ni kazi ya mikono ya binadamu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikamilika kabla ya mwaka 1600. Hakukuwa na mashine ya mvuke wala saruji ya kisasa. Palikuwa na sepetu, toroli, ng'ombe wa kukokota, na watu wengi sana. Matuta yale yangali yakizuia maji hata leo. Jambo linalowashughulisha wataalamu siku hizi ni tofauti kidogo: maji yenyewe yaliyozuiwa yanaendeleaje?

Nchi ya majimaji

Bonde la Třeboň ni tambarare pana yenye mchanga na udongo wa mfinyanzi, linalopitiwa na mto Lužnice. Mto huu hutoka upande wa Austria na kwenda polepole kaskazini, hatimaye ukaungana na mto Vltava, ambao ndio mto wa jiji la Praha. Kwa kuwa ardhi ina mwinamo mdogo na udongo wa mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi, mvua ikinyesha maji hukaa. Katika karne za kati sehemu kubwa ya bonde ilikuwa vinamasi, misitu ya misonobari, na mboji nyeusi ya mimea isiyooza vizuri kwa kukosa hewa ya oksijeni. Ngano haikustawi hapo.

Wachunguzi wa chavua ya kale wamegundua kwamba maumbile yenyewe yaliwahi kutengeneza ziwa katika bonde hilo. Kaskazini mwa Třeboň lilikuwapo ziwa tangu mwishoni mwa enzi ya barafu, ambalo sasa huitwa Švarcenberk. Kwa maelfu ya miaka lilijaa matope na mboji kidogo kidogo mpaka likatoweka kabisa, likaacha matabaka ambayo mtaalamu huyasoma kama kurasa za kitabu. Hivi ndivyo maji yaliyosimama huishia kwa kawaida: hujifukia yenyewe. Jambo hili yafaa likumbukwe, maana mabwawa ya binadamu nayo hayakusamehewa kanuni hiyo.

Mwaka 1366 mji wa Třeboň uliingia mikononi mwa ukoo wa makabaila wa Rožmberk, ambao alama yao ilikuwa waridi lenye petali tano. Walikuwa matajiri kuliko makabaila wengi wa Bohemia, na mashamba yao yalienea kusini yote ya nchi. Waliona upesi kwamba ardhi isiyofaa kwa nafaka ingeweza kufaa kwa samaki. Kanisa Katoliki liliwakataza waumini kula nyama katika siku nyingi za mwaka, lakini halikuwakataza samaki. Na Bohemia ni nchi isiyo na bahari. Mtu aliyeweza kufikisha samaki wabichi katika soko la Praha alikuwa na biashara ya uhakika.

Mfereji wa Dhahabu

Kujenga tuta na kukusanya maji ya mvua si jambo gumu. Ugumu ni kuyafanya maji yawe hai. Bwawa lisilopata maji mapya hupungukiwa na oksijeni wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi kali huganda juu hata samaki wakakosa hewa. Fundi wa kwanza aliyelitatua suala hili kwa bonde zima alikuwa Štěpánek Netolický. Badala ya kulitazama kila bwawa peke yake, aliyatazama yote kama mwili mmoja unaohitaji mshipa. Kati ya miaka ya 1506 na 1520 alisimamia uchimbaji wa mfereji uitwao Zlatá stoka, yaani Mfereji wa Dhahabu, wenye urefu wa kilometa zaidi ya 45. Mfereji huo huyatoa maji mtoni Lužnice upande wa kusini, ukayapitisha kwenye mabwawa na katika mji wenyewe, kisha ukayarudisha mto ule ule karibu na mji wa Veselí.

Mwalimu wa hesabu atauona ustadi uliomo. Mfereji ukiwa na mwinamo mkubwa, maji hukimbia na kuzila kingo zake. Mwinamo ukiwa mdogo mno, mchanga hutulia chini na kuuziba. Kati ya makosa haya mawili nafasi ni finyu, na fundi alipaswa kuishika nafasi hiyo kwa mwendo wa makumi ya kilometa katika nchi iliyokaribia kuwa bapa. Pimamaji yenye kiputo cha hewa, ambayo kila mwashi anayo leo, ilibuniwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Netolický alipima kwa ala za uzi, risasi na mbao. Mfereji wake ungali unapitisha maji.

Krčín na tuta la Rožmberk

Jina linalotajwa zaidi na wenyeji, hata hivyo, si la Netolický bali la Jakub Krčín, aliyeishi kati ya 1535 na 1604. Krčín alikuwa msimamizi mkuu wa mali za Vilém wa Rožmberk, mtu mwenye akili kali, mwenye haraka, na asiyejali kuchukiwa. Mwaka 1571 alianza kulijenga bwawa la Svět kando kabisa ya mji. Sehemu ya kitongoji cha mji ilibidi ibomolewe ili kupisha maji, na watu wa mji hawakumshukuru. Bwawa lenyewe hapo mwanzo liliitwa Nevděk, neno lenye maana ya "utovu wa shukrani". Ni vigumu kujua nani hasa alikuwa akimlaumu nani kwa jina hilo.

Kazi yake kuu ilifanyika kati ya 1584 na 1590. Kaskazini mwa mji aliuziba mto Lužnice wenyewe kwa tuta lenye urefu wa karibu kilometa mbili na nusu, kimo cha mita zipatazo 11, na upana unaozidi mita 50 kwenye kitako chake. Nyuma ya tuta hilo limelala bwawa la Rožmberk, lililo kubwa kuliko mabwawa yote ya samaki katika Cheki: hekta 489, au karibu kilometa tano za mraba.

Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini kitako cha tuta kiwe kipana hivyo. Jibu limo katika kanuni ya kanieneo ya vimiminika. Kanieneo ya maji hutegemea kina chake, wala si ukubwa wa eneo lake. Juu kabisa maji hayasukumi. Kila yanaposhuka mita moja nguvu huongezeka kwa kiasi kile kile, mpaka chini kabisa ambako ndiko msukumo ulipo mkubwa kuliko kote. Kwa hiyo tuta hujengwa jembamba juu na nene chini. Zaidi ya hayo, maji hupenya ndani ya udongo, na kadiri njia yao ya kupenya inavyokuwa ndefu ndivyo yanavyopoteza nguvu ya kuubeba udongo. Mialoni iliyopandwa juu ya matuta ilikusudiwa kuyashika kwa mizizi yake. Wahandisi wa leo kwa kawaida hawaitaki miti juu ya tuta, kwani mzizi ukifa na kuoza huacha mfereji wa siri. Lakini mialoni ya Třeboň ni ya kale mno na inaheshimiwa mno hata hakuna anayethubutu kuitolea shoka.

Krčín alijua kwamba tuta linaloziba mto mzima litajaribiwa siku ya gharika. Kwa hiyo katika miaka ile ile aliuchimba Nová řeka, yaani Mto Mpya, wenye urefu wa kilometa 13 na nusu. Kazi yake ni kuyachepusha maji ya ziada ya Lužnice kabla hayajafika Rožmberk na kuyapeleka katika mto mwingine, Nežárka. Mito hiyo miwili hukutana tena huko Veselí, chini ya bwawa.

Yafaa pia kutaja gharama ambayo haikuandikwa katika vitabu vya hesabu vya kabaila. Sehemu ya uchimbaji ilifanywa na mafundi wa kuhamahama waliolipwa kwa kipimo cha udongo. Sehemu nyingine ilifanywa na wakulima kwa shokoa, yaani kazi ya lazima isiyo na ujira. Mashamba na malisho ya wanavijiji yalimezwa na maji, na samaki waliokuzwa humo hawakuwa wao. Kumbukumbu ya dhiki hiyo imebaki katika hadithi. Husemwa kwamba Krčín aliiuza roho yake kwa shetani, na kwamba usiku wa dhoruba huonekana akipita juu ya tuta la Rožmberk ndani ya gari lake.

Kuna kisa kingine cha miaka hiyo hiyo ambacho msomaji wa sayansi hawezi kukipita bila kutabasamu. Kati ya 1586 na 1589, Vilém wa Rožmberk aliwakaribisha mjini Třeboň Waingereza wawili, John Dee na Edward Kelley, waliotafuta njia ya kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Tanuri ziliwaka na vimiminika vikachemka, wala dhahabu haikupatikana. Wakati huo huo, si mbali na hapo, watu wenye matope hadi mapajani walikuwa wakilijenga bwawa ambalo lingewalipa makabaila kwa karne kadhaa.

Agosti 2002

Kwa kawaida bwawa la Rožmberk hushika maji yapatayo meta za ujazo milioni 6. Atakayeigawanya idadi hiyo kwa eneo lake atapata wastani wa kina usiofika mita moja na robo. Ni sahani pana, si kikombe.

Mwezi wa Agosti 2002 mvua kubwa zilinyesha mara mbili katika siku chache juu ya Bohemia ya kusini. Wimbi la kwanza lililoweka ardhi. Wimbi la pili halikupata mahali pa kuingia. Mito ilifurika, na Praha yenyewe ikapata gharika ambayo haikuwa imeonekana kwa vizazi. Maji ya Lužnice yaliingia Rožmberk kwa wingi uliopita yote yaliyokumbukwa. Bwawa lilipanuka juu ya malisho na misitu ya kandokando mpaka likashika meta za ujazo zipatazo milioni 70, yaani mara kumi na zaidi ya kiasi cha kawaida. Kila meta moja ya ujazo ni tani moja ya maji. Tani hizo zote ziliegemea tuta la udongo lenye umri wa miaka 412, na chini yake, kando ya mto, ilikuwapo miji ya Veselí na Soběslav.

Tuta halikuvunjika. Maji ya ziada yalitoka kwa njia iliyotengwa kwa ajili hiyo, na ingawa watu wa chini walifurikiwa na kupata hasara kubwa, bwawa lilikuwa limelichelewesha wimbi na kuipunguza nguvu yake. Tuta hilo lilijengwa kwa ajili ya samaki, lakini siku hizo hakuna aliyekuwa akiwafikiria samaki.

Tumbo la karpi

Samaki aliyeutajirisha mji huu ni Cyprinus carpio, ambaye hapa ataitwa karpi. Ni wa jamaa moja na ningu wa Ziwa Victoria. Wasomaji wa Kenya huenda wanamjua kwa sura, kwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ameenea katika Ziwa Naivasha na kuwa sehemu kubwa ya mavuno ya wavuvi wa huko. Ana mwili mnene, magamba makubwa, na vijidevu vya kugusia kandokando ya mdomo. Huvumilia maji ya matope na upungufu wa oksijeni kuliko samaki wengi.

Kwa karne tatu baada ya Krčín, wafugaji waliamini kwamba karpi hula matope na majani. Imani hiyo ilitokana na kumwona akichimba chini ya bwawa. Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) viliharibu mabwawa mengi ya Bohemia, na baadaye mengine mengi yalikaushwa ili kulimwa. Ya Třeboň yalinusurika, hasa kwa sababu ardhi yake ilikuwa duni kwa kilimo. Lakini mavuno yalikuwa haba, na samaki alichukua miaka mingi kufikia uzito wa kuuzwa.

Aliyeigeuza hali hiyo alikuwa Josef Šusta (1835–1914), msimamizi wa uvuvi katika mashamba ya Třeboň, ambayo wakati huo yalikuwa mali ya ukoo wa Schwarzenberg. Šusta hakuanza na nadharia. Alichukua kisu, akapasua matumbo ya samaki wa kila umri na wa kila majira, akatazama kwa hadubini kilichomo. Humo alikuta mabuu ya wadudu, minyoo, na wanyama wadogo wenye magamba laini wanaoelea majini. Karpi alichimba matope kwa ajili ya nyama iliyojificha ndani yake, si kwa ajili ya matope. Matokeo aliyachapisha mwaka 1888 katika kitabu cha Kijerumani kuhusu lishe ya karpi na samaki wenziwe wa bwawani.

Kutokana na ugunduzi huo mdogo yalifuata mambo makubwa. Ikiwa samaki hula wanyama wadogo, na wanyama wadogo hula mwani, na mwani huhitaji chumvi za madini na mwanga, basi mfugaji anayetaka samaki wengi lazima aanze na chumvi za madini. Bwawa likawa kama shamba: litiwe chokaa, litiwe mbolea, lipumzishwe likauke, na idadi ya samaki ipimwe kulingana na chakula kilichomo. Vifaranga wakazaliwa katika vibwawa vidogo vyenye maji ya joto, wakahamishwa hatua kwa hatua kwenye mabwawa makubwa zaidi, na wakati wa baridi wakahifadhiwa katika mabwawa yenye kina na maji yanayotembea. Hapo ipo faida ya tabia ya ajabu ya maji, ambayo ni mazito kuliko yote yakiwa na joto la digrii 4 za sentigredi: barafu huelea juu, na chini hubaki maji ambayo hayajaganda, ambamo karpi hutulia karibu bila kula mpaka majira ya machipuko.

Maji ya kijani

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mabwawa yalitaifishwa, na njia ya Šusta ikasukumwa mbali kuliko alivyowahi kuwaza. Chokaa, mbolea ya fosfeti, samadi na nafaka ya kulishia viliingizwa majini kwa wingi, na mavuno ya samaki kwa hekta yakapanda mara nyingi. Kwa muda kila mtu aliridhika. Kisha maji yakaanza kubadilika rangi.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kumtazama mnyama mdogo aitwaye dafnia, au kiroboto-maji, ambaye kwa macho matupu huonekana kama nukta inayorukaruka. Dafnia wakubwa huchuja maji mchana na usiku na kula mwani uliomo. Penye dafnia wengi, maji ni maangavu. Lakini dafnia mkubwa ndiye chakula atakiwacho na samaki. Samaki wakizidi, dafnia wakubwa humalizwa, wakabaki wadogo wasioweza kuchuja vya kutosha. Mwani nao, ukiwa na mbolea tele na hauna wa kuula, hustawi mpaka maji yakawa kama supu. Aliyeuonyesha ulimwengu mnyororo huu kwa vipimo alikuwa mtaalamu wa Kicheki Jaroslav Hrbáček, ambaye pamoja na wenzake alilinganisha maji ya mikono iliyokufa ya mto Elbe yenye samaki wengi na yale ambamo samaki waliondolewa. Taarifa yao ya mwaka 1961 ingali inatajwa na wanafunzi wa elimu ya maji duniani kote, kwani ilionyesha kwamba rangi ya maji hutawaliwa na mbolea kutoka chini, na vilevile na meno ya samaki kutoka juu.

Katika bwawa la namna hiyo siku moja ya kiangazi ni kama pambano. Mchana mwani hufanya usanisinuru kwa nguvu, ukitoa oksijeni na kuiondoa hewa ya kaboni majini. Kwa kuwa hewa ya kaboni ikiyeyuka huwa asidi dhaifu, kuondoka kwake huyafanya maji yawe na sifa ya besi. Kipimo cha pH hupita 9, pengine hufika 10. Katika hali hiyo chumvi za amoniamu, zitokanazo na kinyesi cha samaki na samadi, hugeuka kuwa amonia yenye sumu inayounguza matamvua ya samaki. Usiku mambo hugeuka. Hakuna mwanga, lakini mwani, bakteria na samaki wote wanapumua, na kabla ya alfajiri oksijeni inaweza kuwa imepungua kiasi cha kutisha. Tatizo huzidi maji yakiwa ya moto: maji ya digrii 0 huweza kushika oksijeni ipatayo miligramu 14 kwa lita, lakini yakiwa digrii 25 hushika kama 8 tu. Majira ya joto yanavyozidi kuwa makali nchini Cheki, usiku wa namna hiyo nao unazidi.

Mbolea ya fosfeti nayo haiondoki kirahisi. Hutulia katika matope, na kwa kuwa bwawa ni la kina kifupi, upepo na vijidevu vya karpi huichochea irudi majini. Hata bwawa likiachwa bila mbolea mpya, akiba ya miaka 50 imo chini. Wakati wa kiangazi aina fulani za bakteria wa kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu, huelea juu na kufanya utando. Mimea ya majini iliyokosa mwanga imetoweka katika mabwawa mengi, na matete ya kandokando yamerudi nyuma, pamoja na ndege waliotaga humo.

Sasa ndipo ugomvi ulipo. Mwaka 1977 bonde la Třeboň lilitambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya mazingira hai, na mwaka 1979 serikali ikalitangaza eneo la kilometa za mraba 700 kuwa mandhari inayolindwa. Fisi-maji wamo, na tai mkia-mweupe, binamu wa furukombe wetu, wameanza tena kutaga huko tangu miaka ya 1980. Lakini kinacholindwa ni kiwanda cha samaki. Mfugaji husema kwamba bila karpi hakuna atakayelipia ukarabati wa matuta, na bila matuta hakuna bwawa la kulinda. Mlinzi wa mazingira hujibu kwamba bwawa lililojaa samaki kupita kiasi ni bwawa kwa jina tu. Kila mmoja ana haki katika alilosema, na kwa hiyo mabishano yamekuwa marefu.

Bahati njema ni kwamba mji huu mdogo una wataalamu wengi kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Katika miaka ya 1970 bonde hili lilikuwa kituo cha Mpango wa Kimataifa wa Biolojia, ambapo Dagmar Dykyjová, Jan Květ na wenzao walipima matete na mimea ya kandokando kilo kwa kilo. Kitabu chao kilitoka mwaka 1978. Penye malisho ya majimaji karibu na Rožmberk, mvuke unaotoka kwenye mimea bado unapimwa. Jambo hili si dogo: kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huchukua nishati inayokaribia kilowati-saa 0.7, ambayo vinginevyo ingeipasha moto ardhi na hewa. Na katika kinu cha kale cha Opatovice, nyuma ya bwawa la Svět, imekuwapo tangu mwaka 1960 maabara ya kukuza mwani kwa makusudi. Hapo mwani wa aina ya klorela hutiririshwa juu ya vioo vilivyoinamishwa, kwa unene usiofika sentimeta moja, ili kila seli ipate mwanga. Kiumbe anayelaumiwa bwawani, hapa hulelewa kama mboga.

Walimu wataona kwamba kipimo kimoja kinachotumika Třeboň hakihitaji maabara. Ni kisahani cheupe kilichofungwa kwenye kamba yenye alama, kilichoanza kutumiwa na Mtaliano Angelo Secchi mwaka 1865. Hushushwa majini polepole, na kina ambacho kisahani hakionekani tena huandikwa. Kifuniko cha ndoo kilichopakwa rangi nyeupe na kutundikwa jiwe chafaa vilevile katika bwawa la shule au lambo la kijiji. Kipimo kikichukuliwa saa ile ile kila wiki, darasa litaona maji yakibadilika kwa majira. Katika mabwawa mengi ya Cheki yenye samaki wengi, katikati ya kiangazi kisahani hupotea kabla ya kufika nusu mita.

Vuli inapofika malango hufunguliwa, na mabwawa makubwa huanza kupungua kwa siku nyingi. Samaki hufuata maji mpaka wote wakakusanyika katika shimo la mwisho karibu na tuta. Kukipambazuka, kwa baridi na ukungu, wavuvi huingia na wavu mrefu na kuwavuta pamoja, huku watu wa mji wakitazama kutoka juu ya tuta na kunywa kitu cha moto. Karpi hupangwa kwa ukubwa na kupelekwa katika vidimbwi vya maji safi, ambamo hukaa wiki kadhaa ili ladha ya matope iwatoke. Siku chache kabla ya Krismasi huuzwa wakiwa hai katika matangi ya maji mitaani kote nchini, kwani mkesha wa Krismasi nyumba nyingi za Kicheki hula karpi wa kukaanga.

Malango hufungwa tena, na Mfereji wa Dhahabu huanza kuyajaza mabwawa. Kabla ya majira ya machipuko msimamizi wa kila bwawa lazima aamue atie samaki wangapi kwa hekta. Wachache mno, na hesabu ya mwaka haitatimia. Wengi mno, na dafnia watakuwa wamekwisha kabla ya mwezi wa Julai.